Kibodi na kipanya cha kompyuta ya mezani: vya waya, vya kipokezi au vya Bluetooth?

Kompyuta ya mezani haibebwi, na kwa hiyo anayetaka kuinunulia kibodi na kipanya visivyo na waya ajiulize kwanza waya unamsumbua wapi hasa. Mwenye kompyuta mpakato ana jibu jepesi, kwani kila anapohamia meza nyingine huhama na vifaa vyake. Lakini mwenye kasha kubwa lililokaa chini ya meza ile ile mwaka mzima huenda asikerwe hata kidogo na waya wa mita moja na nusu uliopitishwa nyuma ya meza. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika duka la uchapaji na fotokopi mjini Tanga, lenye kompyuta nne za mezani, na katika muda huo tumetumia aina zote tatu zinazopatikana madukani: seti ya waya wa USB, seti isiyo na waya inayokuja na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka, na seti ya Bluetooth. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya kompyuta ya mezani peke yake, kwa sababu mnunuzi akifuata ushauri uliotolewa kwa mpakato huishia kulipia sifa asiyoihitaji huku akikosa ile anayoihitaji.

Tofauti ya msingi

Seti ya waya haina mengi ya kuelezwa. Huchomekwa kwenye tundu la USB, hupata umeme wake humo humo, na kila kitufe kinachobonyezwa hufika kwenye kompyuta bila kupita hewani. Kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika nje, ambazo ndizo nyingi katika maduka kama letu, mara nyingi bado zina matundu mawili ya duara ya PS/2, la zambarau kwa ajili ya kibodi na la kijani kwa ajili ya kipanya. Ni mfumo ulioletwa na IBM mwaka 1987, na ubaya wake ni kwamba kifaa chake hupaswa kuchomekwa kompyuta ikiwa imezimwa. Kwa anayenunua leo, USB inatosha.

Seti ya kipokezi hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Kibodi na kipanya hutuma taarifa kwa kipokezi kilichochomekwa kwenye USB, kidude kisichozidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ambacho wauzaji wengine hukiita risiva. Jambo la kushika hapa ni kwamba kompyuta yenyewe haina habari ya redio yoyote: inachokiona ni kibodi na kipanya vya kawaida vya USB, kwa hiyo haihitaji kuwekewa programu, na vifaa huitika tangu kompyuta inapowashwa.

Seti ya Bluetooth hutumia masafa hayo hayo, ila haiji na kipokezi; hutegemea redio ya Bluetooth iliyomo ndani ya kompyuta, na redio hiyo huongozwa na mfumo endeshi kama Windows au Linux. Kompyuta mpakato za miaka ya karibuni karibu zote zinayo. Za mezani, hasa zile za ofisi, nyingi hazina, na mwenye kompyuta kama hiyo hulazimika kununua adapta ya Bluetooth ya kuchomeka kwenye USB, jambo linalomrudisha kule kule kwenye kidude cha kuchomeka alichodhani amekiepuka.

Siku kompyuta inapogoma

Udhaifu mkubwa wa Bluetooth kwenye kompyuta ya mezani hauonekani siku ya kununua. Mwaka juzi kompyuta yetu ya tatu iligoma kufungua Windows. Fundi alikuja na flashi yenye mfumo mpya, akaniomba nibonyeze F12 mara tu nembo ya mtengenezaji inapotokea, ili tuchague kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Nilibonyeza, nikabonyeza tena, na kompyuta ikapita moja kwa moja hadi kwenye ujumbe ule ule wa hitilafu. Kibodi ilikuwa ya Bluetooth iliyounganishwa kwa adapta, na kwa wakati huo hapakuwa na Windows ya kuiamsha adapta. Fundi alitoa kibodi kuukuu ya waya kutoka kwenye begi lake, akaichomeka, na kazi ikaenda. Kibodi ya kipokezi ingefaa vilevile, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Taabu hiyo hiyo hutokea siku ya kwanza. Ili uunganishe kipanya cha Bluetooth inakubidi ufungue mipangilio ya Windows, na ili ufungue mipangilio unahitaji kipanya au kibodi inayofanya kazi tayari. Mwenye mpakato anavyo vilivyojengewa humo. Mwenye kompyuta ya mezani ana kasha na kioo tu, na lazima aazime vya waya kwa dakika kumi. Aidha, kompyuta iliyolala mara nyingi haiamki kwa kuguswa kibodi ya Bluetooth, na inakubidi uiname ubonyeze kitufe cha kuwashia.

iMac inasimama upande wake katika jambo hili, kwa kuwa Apple hutengeneza kompyuta na vifaa vyake kwa pamoja, na kibodi yake ya Bluetooth huitika hata kabla ya mfumo kufunguka. Hata hivyo, anayeinunua ajue kwamba kipanya chake cha Magic Mouse, tangu toleo la mwaka 2015 lililoanza kutumia betri ya ndani ya kuchaji, kina tundu la kuchajia upande wa chini, kwa hiyo hakiwezi kutumika kikiwa kinachajiwa. Toleo la mwaka 2024 lilibadilisha tundu hilo kuwa la USB-C na kuliacha mahali pale pale.

Kwa sababu hizi, kama umekwisha kuamua kwamba hutaki waya na kompyuta yako ni ya mezani ya kawaida, maoni yangu ni kwamba seti ya kipokezi inaitangulia ile ya Bluetooth kwa mbali. Bluetooth inafaa pale tu unapotaka kibodi moja iandikie kompyuta, simu na tableti kwa zamu, na hapo inafaa sana.

Kasha lililo chini ya meza

Kipanya kisicho na waya kinapoanza kukwamakwama, watu wengi hulaumu betri, na wengine hukitupa kabisa wakidhani kimekufa. Kwa kompyuta ya mezani, mahali pa kutazama kwanza ni pale kipokezi kilipochomekwa. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupungua nguvu yanapopita kwenye chuma, na hupungua pia yanapopita kwenye mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji mengi. Sasa fikiria kompyuta yenyewe ilivyokaa: kasha lake, ambalo wengi tumezoea kuliita CPU, ni la bati, limewekwa sakafuni, na kipokezi kimechomekwa kwenye tundu la nyuma ili kisigongwe na mguu. Kati ya kipanya na kipokezi umeweka bati la kasha, ubao wa meza na magoti yako mwenyewe. Boksi linapoandikwa kwamba seti inafika mita 10, linasema kweli kwa chumba kisicho na kizuizi, lakini mimi nimeona kipanya kikishindwa kufika nusu mita kwa mpangilio kama huo.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wachache humweleza mteja. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yaliyoonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3.0, yanayopita kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa ya gigahezi 2.4 hadi 2.5, yaani pale pale kipanya chako kinaposemea. Mteja mmoja alituletea diski ya nje tumnakilie picha na video za harusi ya binti yake. Niliichomeka kwenye tundu la buluu la USB 3.0, jirani kabisa na kipokezi. Mstari wa kijani wa kunakili ulipoanza kutembea, kishale nacho kikaanza kuruka: nasogeza mkono kulia, kinakaa kimya, kisha kinatokea upande wa pili wa kioo. Nikasimamisha kunakili, kikatulia. Nikaendelea kunakili, kikaruka tena. Nilipokihamishia kipokezi kwenye tundu jeusi la USB 2.0 lililo mbele ya kasha, tatizo lilikwisha, na mama wa bibi harusi akapata picha zake zote.

Dawa ya uhakika zaidi ni waya wa kurefusha USB wenye urefu wa mita moja hivi, ambao kichwa chake hupitishwa hadi juu ya meza na kipokezi kikakaa karibu na kioo, sentimita chache kutoka kwenye mkono. Ni kweli kwamba umerudisha waya mmoja mezani, lakini waya huo hauvutwi na mkono wala haugusi karatasi zako, na utakapoona kipanya kinavyotulia hutautoa tena. Watengenezaji wengine huuweka waya huo ndani ya boksi, na mimi huuhesabu kuwa sababu ya kuichagua seti hiyo.

Ruta ya Wi-Fi iliyowekwa juu ya kasha la kompyuta huweza kuchangia usumbufu, kwa kuwa nayo hutumia masafa hayo hayo. Isogeze mita moja au mbili, au uihamishie kompyuta kwenye mtandao wa gigahezi 5 ikiwa ruta inao. Kuhusu seti nyingi katika chumba kimoja, usiwe na hofu. Tumewahi kuwa na tatu kwa pamoja, na kila kipokezi kilisikiliza vifaa vyake tu.

Herufi zinazopita hewani

Sehemu hii naomba isomwe polepole, hasa na mwenye duka linalohudumia watu. Wateja wetu huja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, kuomba kazi kwenye Ajira Portal, kushughulikia mambo ya kodi ya TRA. Na wenzetu wa Kenya wenye saiba hufanya hayo hayo kwa HELB, iTax na eCitizen. Mtu huketi mbele ya kibodi yetu akaandika namba ya kitambulisho chake na nywila yake, akiamini kwamba anayeiona ni kompyuta peke yake. Ikiwa kibodi haina waya, nywila hiyo imepita hewani kabla ya kufika kwenye kompyuta, na swali la haki ni je, ilipita ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa kuwa maandishi ya siri, au ilipita wazi?

Kwa baadhi ya seti, jibu lilikuwa la kusikitisha. Mwezi Februari 2016 kampuni ya usalama ya Bastille, ya Marekani, ilitangaza kasoro iliyopewa jina la MouseJack: vipokezi vya chapa kadhaa vilikuwa tayari kupokea vibonyezo vya uongo kutoka kwenye kifaa cha mtu mwingine aliye umbali wa hadi mita 100 hivi, kwa kuwa mawasiliano ya kipanya, tofauti na ya kibodi, hayakusimbwa. Julai mwaka huo huo kampuni hiyo ikatangaza nyingine, KeySniffer, na hii ndiyo inayomhusu zaidi mnunuzi wa seti za bei ya chini: kibodi za kipokezi za watengenezaji wanane zilituma kila herufi hewani bila usimbaji wowote, na kwa jinsi zilivyoundwa hazingeweza kurekebishwa kwa programu mpya. Aliyekuwa nayo alishauriwa aiache.

Bluetooth husimba mawasiliano yake, na katika hili inaishinda seti ya kipokezi ya bei ya chini bila ubishi. Kwa upande wa vipokezi, vipo vinavyojali. Logitech ilianza kuuza kipokezi chake cha Unifying mwaka 2009, kinachoweza kuunganishwa na vifaa hadi sita na kinachosimba herufi za kibodi. Baada ya MouseJack ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya kipokezi hicho, na mwaka 2021 ikaleta Logi Bolt, kinachotumia teknolojia ya Bluetooth ya nishati ndogo pamoja na ulinzi mkali zaidi, huku kikibaki kuwa kipokezi cha kuchomeka. Kwa mnunuzi wa kawaida, kanuni ninayoifuata ni hii: natafuta maandishi ya AES ya biti 128, ambayo ni aina ya usimbaji, kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo, na nisipoyaona popote naihesabu kibodi hiyo kuwa haisimbi. Kompyuta ya watoto ya kuchezea na kutazama katuni haidhuriki na hilo. Kompyuta inayofunguliwa akaunti za benki na za watu wengine inadhurika.

Kwa hiyo kompyuta mbili zetu za mbele, zile zinazotumiwa na wateja, zina kibodi za waya, na nimeamua zitabaki hivyo. Kuna faida ya pili ya waya mahali pa umma ambayo haihitaji maelezo marefu: kipanya kilichofungwa kwa waya hakitoki na mtu.

Betri, chumvi na panya

Seti ya kipokezi ya kawaida hula betri tatu au nne. MK270 ya Logitech, kwa mfano, hutumia mbili ndogo za AAA kwenye kibodi na moja ya AA kwenye kipanya, na mtengenezaji anakadiria angalau miezi 24 kwa kibodi na 12 kwa kipanya. Tofauti hiyo ina sababu: kibodi hutuma taarifa pale tu unapobonyeza, lakini kipanya kikisogea huwasha taa na kihisi chake bila kupumzika. Katika duka linalofanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku, kipanya chetu hakikufika mwaka hata mara moja; kwa kawaida kilidumu miezi mitano. Nimejifunza kubandika kipande cha karatasi chini ya kipanya chenye tarehe ya kuweka betri, ili kishale kinapoanza kuvivia nijue kama ni betri au ni kipokezi.

Betri zile za bei ya chini kabisa, ambazo wengi huziweka kwenye rimoti ya televisheni, hufanya kazi, lakini huisha upesi. Nunua za alkalini, au za kuchaji za NiMH ikiwa unatumia kompyuta kila siku. Za kuchaji hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kiashiria cha betri huweza kudai zimekaribia kuisha wakati bado zina nguvu, na hilo si kosa la kifaa. Muhimu kuliko yote, zitoe unapofunga kazi kwa muda mrefu. Tulifunga duka kwa wiki saba kwa sababu ya msiba, na niliporudi nilikuta kibodi ya kompyuta ya nne haiitikii. Nilipofungua kifuniko cha chini niliona unga mweupe umejikusanya kwenye springi ndogo, na springi yenyewe imeanza kuota kijani. Majimaji ya betri ya alkalini huondolewa kwa kitu chenye asidi, basi nilichovya pamba kwenye maji ya ndimu nikasugua taratibu, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikaacha sehemu ikauke kabisa kabla ya kuweka betri mpya. Ilipona. Lakini hewa ya pwani ina chumvi, na kutu ikishaanza kwenye springi haikawii kurudi.

Seti ya waya haina betri, ila ina kifo chake. Waya wa kipanya hukatika kwa ndani pale unapoingia mwilini mwa kipanya, kwa kukunjwa mara elfu. Dalili yake ni kipanya kinachozima ukigeuza mkono upande mmoja na kuwaka ukiurudisha. Na mahali penye panya wa kweli, waya unaopita sakafuni hutafunwa. Uupitishe juu, uufunge kwenye mguu wa meza.

Kuhusu kasi, sina mengi ya kusema. Kipanya cha kawaida hutoa taarifa mara 125 kwa sekunde, sawa na kila milisekunde 8, na kwa kuandika barua, kujaza fomu au kutengeneza kadi, mkono hautambui tofauti kati ya waya na redio. Wachezaji wa michezo ya kushindana hutafuta vya mara 1,000 kwa sekunde, na siku hizi vipo hata visivyo na waya, kwa bei yake.

Taa ya herufi kubwa

Jambo hili ni dogo kwa umbo na limenipotezea muda mwingi. Ili kuokoa betri, kibodi nyingi zisizo na waya hazina taa ya kuonyesha kwamba herufi kubwa zimewashwa. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kufungua akaunti yake, akajaribu mara mbili, kisha akaniita.

“Mwanangu, nywila yangu inakataa, na nimeiandika kama nilivyoizoea.”

“Shikamoo mwalimu. Hebu niruhusu nitazame hapa.”

“Marahaba. Tazama tu, ila usiisome.”

Nilibonyeza kitufe cha herufi kubwa mara moja, nikageukia pembeni, akaandika tena, akaunti ikafunguka. Kibodi haikuwa na taa, na kisanduku cha nywila huonyesha vidoti tu; angejaribu mara nyingine moja au mbili, akaunti yake ingefungwa. Kibodi ya waya karibu kila mara inayo taa hiyo, pamoja na ile ya tarakimu. Ukinunua isiyo na waya, itafute juu ya kona ya kulia kabla ya kulipa.

Vilevile tazama kama seti ina eneo la tarakimu upande wa kulia. Seti nyingi zisizo na waya hufupishwa ili zionekane nadhifu, na anayeingiza hesabu za mauzo au alama za wanafunzi atalikosa eneo hilo tangu siku ya kwanza. Kagua pia mahali pa alama ya ritifaa, kwa sababu sisi tunaoandika ng'ombe, ng'ambo na kung'aa tunaihitaji kila ukurasa, na katika kibodi zilizobanwa nimewahi kuiona imesukumwa chini, karibu na kitufe cha nafasi. Seti zinazopitia Dubai huja mara nyingi na herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kilatini. Hazizuii chochote, na kwa mwalimu wa madrasa ni faida. Zile zilizopangwa kwa ajili ya Uingereza hubadilishana mahali pa alama ya @ na alama za kunukuu, na hapo ama urekebishe mpangilio kwenye Windows ama uzoee.

Pale ambapo waya haufai kabisa

Nimeelekea upande wa waya kwa muda mrefu, na ni haki niseme mahali ambapo singeupendekeza. Kompyuta ya mezani iliyounganishwa na televisheni sebuleni, ili familia itazame wakiwa wameketi kwenye makochi, inahitaji seti ya kipokezi. Darasa lenye projekta, ambapo kompyuta iko kwenye kona na mwalimu anasimama mbele ya wanafunzi, linaihitaji pia. Na kanisani, anayeonyesha maneno ya nyimbo ukutani hufanya kazi yake kwa utulivu zaidi akiwa amekaa na waimbaji kuliko akiwa amejibanza kando ya kasha. Mtu mwenye maumivu ya bega anayetaka kuiweka kibodi mapajani, au meza ndogo ambayo kibodi husimamishwa ukutani ili karatasi zipate nafasi, vyote hivyo ni sababu za kweli. Katika duka letu, kompyuta ya nyuma ninayotumia mwenyewe kupanga kadi za mialiko ina seti ya kipokezi inayosimba, kwa kuwa meza hiyo hujaa karatasi, mkasi na gundi, na waya wa kipanya ulikuwa ukiburura kadi mbichi.

Anayechagua seti ya kipokezi lazima akilinde kipokezi chenyewe kuliko kibodi na kipanya. Katika seti nyingi za bei ya chini, kipokezi kimeunganishwa na vifaa vyake kiwandani, na kikipotea hakuna kingine kitakachovisikia. Kibodi nzima na kipanya chake kizima vinakuwa havina kazi. Vipokezi vya Unifying na Logi Bolt huweza kununuliwa peke yake na kuunganishwa upya, mradi kifaa chako kiwe na alama ya aina hiyo hiyo, kwani si kila kifaa cha Logitech kinayo; ya Unifying ni nyota ndogo ya rangi ya machungwa yenye ncha sita. Kompyuta inapopelekwa kwa fundi, chomoa kipokezi ubaki nacho. Mara nyingi kasha hurudi na kipokezi hakirudi, na hakuna aliyekiiba. Kimeangushwa tu kwenye sakafu ya karakana.

Unapokuwa dukani, mwombe muuzaji achomeke kipokezi nyuma ya kompyuta aliyo nayo na si kwenye mpakato ulio juu ya kaunta, kisha urudi nyuma hatua tatu ukaandike jina lako lote na kusogeza kishale kutoka kona hadi kona. Geuza kipanya utazame kama kina swichi ya kuzimia. Fungua kifuniko cha betri uone kama kuna kijishimo cha kuhifadhia kipokezi, na kama muuzaji amekwisha kukitoa kipokezi kwenye boksi kwa ajili ya kujaribu, hakikisha kimerudi ndani ya kijishimo hicho kabla boksi halijafungwa kwa gundi.